Pwani kwa Gari au kwa Ndege? Hesabu Nne za Kufanya Kabla ya Kuvuka Mpaka



Shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Desemba, familia nyingi za ukanda wetu huanza kupanga safari ya kwenda kuiona bahari. Mombasa ndiyo hutajwa mara nyingi, na baada ya kuitaja, swali hufuata: twende kwa gari letu au kwa ndege? Katika nyumba nyingi swali hilo hujibiwa kwa dakika chache. Mmoja husema ndege ni ghali, mwingine husema gari lipo uani, na mjadala huishia hapo.

Sisi wa polisi tuna sababu ya kuliingilia jambo hili la kifamilia. Uamuzi unaofanywa mezani wakati wa chakula hupimwa barabarani usiku, mbali na nyumbani, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa kawaida polisi huitwa mwishoni mwa safari iliyoharibika. Somo hili limeandikwa ili safari yako isifike huko.

Lengo la somo ni kumwezesha msomaji kufanya hesabu nne: hesabu ya saa, ya dereva, ya fedha, na ya hati. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: familia ya watu watano wa Busia upande wa Uganda, yaani baba, mama, watoto wawili wa shule na mtoto mchanga wa mwaka mmoja, wanaokusudia kwenda Mombasa.

Mpaka wa sokoni si mpaka wa safari

Kabla ya hesabu zenyewe, kuna dhana moja tunayopaswa kuisahihisha. Sisi tunaoishi mpakani tumeuzoea mpaka. Tunauvuka asubuhi kwenda sokoni, tunarudi jioni na unga na sabuni, na pengine siku nzima hatuulizwi chochote. Mazoea hayo hutufanya tudhani kwamba tunaujua mpaka kuliko msafiri wa Kampala au Mbarara.

Ukweli ni kwamba mtu aendaye sokoni kwa miguu na familia iendayo Mombasa kwa gari huvuka mipaka miwili tofauti, ingawa lango ni moja. Wa kwanza anarudi kabla ya jua kuchwa. Wa pili anaingia nchi nyingine na chombo chenye namba za usajili za kigeni, na watoto, na mizigo, na atakaa huko siku kadhaa. Gari linahitaji kibali chake, na kila mtoto anahitaji hati yake. Zaidi ya hayo, anayepita njia ya panya ili akwepe foleni huanza safari yake bila ushahidi wowote kwamba aliingia kihalali. Ushahidi huo hautaulizwa sokoni, bali utaulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, au hospitalini baada ya ajali.

Hesabu ya kwanza: saa, kutoka mlangoni hadi mlangoni

Kosa la kwanza katika kulinganisha gari na ndege ni kulinganisha vitu visivyolingana. Watu husema, "Kwa ndege ni chini ya saa mbili, kwa gari ni siku nzima." Lakini hakuna anayelala uwanja wa ndege na kuamkia ufukweni. Saa zihesabiwe tangu mlango wa nyumba unapofungwa hadi mlango wa chumba cha wageni unapofunguliwa.

Tuanze na gari. Kutoka Busia hadi Nairobi ni takriban kilomita 450, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Jumla ni kilomita 930. Barabara hizo zina malori mengi ya mizigo, miji mingi, matuta mengi na milima, hivyo wastani wa kilomita 60 kwa saa ni makadirio ya haki. Gawanya 930 kwa 60, utapata saa 15 na nusu za usukani peke yake. Ongeza saa moja ya mpakani na saa mbili za kula na kupumzika. Jumla ni saa 18 na nusu.

Sasa ndege. Mkazi wa Busia anayetaka kupaa kutoka Entebbe huanza kwa kwenda magharibi, ilhali Mombasa iko mashariki. Kutoka Busia hadi Entebbe ni karibu kilomita 240, kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira na msongamano wa Kampala. Tumpe saa 5. Uwanjani afike saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Angani atakaa chini ya saa 2 ikiwa safari ni ya moja kwa moja, na muda mrefu zaidi ikiwa atabadilisha ndege Nairobi. Kuchukua mizigo na kufika anakolala, saa moja. Jumla ni kama saa 11.

Kwa hiyo tofauti ya kweli si saa 2 dhidi ya saa 18, bali ni saa 11 dhidi ya saa 18. Tena ndani ya hizo 11, saa 5 ni za barabarani. Aliyechagua ndege kwa ajili ya usalama, kisha akaondoka Busia usiku wa manane ili awahi ndege ya asubuhi, ameihamishia hatari barabara nyingine. Ikiwa ndege inaondoka asubuhi, familia isafiri mchana wa siku iliyotangulia na ilale Entebbe.

Hesabu ya pili: dereva

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika safari ya gari, pembamba ni dereva. Gari zuri, barabara nzuri na mafuta ya kutosha havina maana ikiwa aliyeshika usukani amesinzia kwa sekunde tatu.

Tufuate familia yetu ya mfano, ikiwa imeamua kwenda kwa gari kwa siku moja, baba akiendesha peke yake. Ameamka saa tisa usiku kupakia mizigo. Wameondoka saa kumi alfajiri. Wamevuka mpaka kwa saa moja, wamepumzika kwa jumla ya saa mbili njiani, na muda uliobaki wameendesha. Ikifika saa mbili usiku watakuwa wamekwenda kilomita 780, yaani watakuwa karibu na Voi. Mbele yao zimebaki kilomita 150, giza limeingia, na taa za malori zinawapiga usoni.

Wakati huo huo dereva ametimiza saa 17 tangu alipoamka. Watafiti wa uchovu wamepima hali hiyo: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupoteza umakini kwa kiwango kinachokaribia cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Baba huyu hajaonja hata tone la pombe, na kipimo cha polisi hakitaonyesha kitu. Hata hivyo anaendesha kama mtu aliyekunywa, katika sehemu ngumu kuliko zote za safari yake, akiwa na watu wanne anaowapenda.

Tusiisahau pia hali ya njia yenyewe. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan, kabla ya kufika Nakuru, umejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori yaliyokatika breki, hata ikalazimu njia za kupanda na kushuka zitenganishwe kwa ukuta. Anayepitia Kisumu na Kericho atafika njia panda ya Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara. Katika miteremko kama hiyo dereva aliye macho huona dalili mapema: moshi wa breki, lori linaloyumba, honi isiyokoma. Dereva aliyechoka huona akiwa amechelewa.

Sasa tazama safari hiyo hiyo ikigawanywa kwa siku mbili. Familia inaondoka Busia saa kumi na mbili asubuhi, baada ya dereva kulala usiku kucha. Inatumia saa moja mpakani, saa saba na nusu za mwendo na saa moja na nusu za mapumziko, na kufika Nairobi saa kumi alasiri. Inalala. Kesho yake inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, inapumzika Mtito Andei, ambapo ni karibu na katikati ya njia, na kufika Mombasa saa tisa alasiri. Hakuna kilomita hata moja iliyoendeshwa gizani. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, na dereva ni yule yule.

Kutokana na hesabu hii tunapata kanuni ambayo tungependa kila msomaji aikumbuke: *asiyeweza kuipa barabara siku mbili, asiende kwa gari.* Na siku mbili ni za kwenda, kisha nyingine mbili za kurudi. Safari ya kurudi ndiyo hudharauliwa zaidi, kwa sababu likizo imekwisha na kazi inasubiri Jumatatu. Pangeni kurudi kwanza, na mfike nyumbani siku moja kamili kabla ya kazi au shule.

Hesabu ya tatu: fedha

Gari hulipiwa mara moja, liwe na mtu mmoja au watano. Tiketi ya ndege hulipiwa kwa kila kichwa. Ndiyo maana kwa mtu mmoja au wawili ndege hukaribiana na gari kwa gharama, na kwa watu wanne au zaidi gari huwa nafuu. Lakini unafuu huo hauwi mkubwa kama unavyodhaniwa, kwa kuwa wengi huhesabu mafuta tu na kuyaacha mengine.

Kwa upande wa gari, kwenda na kurudi ni kilomita 1,860. Ongeza kilomita 140 za mizunguko ya mjini, zifike 2,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 200. Zidisha lita hizo kwa bei ya kituo chako cha mafuta siku unayopanga. Kisha ongeza: bima ya nje ya nchi, matengenezo ya gari kabla ya safari, malazi ya usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, chakula cha siku nne za njiani, na maegesho.

Kwa upande wa ndege, anza na idadi ya viti. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na kwa kawaida hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima. Mtoto aliyetimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake. Hivyo familia yetu italipia viti vinne na mtoto mmoja wa kupakatwa. Ongeza usafiri wa kwenda Entebbe na kurudi, malazi ya Entebbe kama yatahitajika, malipo ya mizigo iliyozidi, na usafiri wa mjini Mombasa kwa siku zote mtakazokaa bila gari.

Andikeni safu hizo mbili kwenye karatasi moja, kila moja na jumla yake. Familia ikikuta kwamba gari limekuwa nafuu kwa sababu tu imefuta malazi ya njiani, ijue kwamba imeokoa fedha kwa kulifuta usingizi wa dereva. Hilo silo punguzo la kujivunia.

Hesabu ya nne: hati za watu, za gari na za watoto

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kuingia katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ni rahisi kwa mtu mzima, maadamu kitambulisho chake hakijaisha muda. Anayekusudia kupitiliza hadi Tanzania, kwa mfano Tanga au Zanzibar, asitegemee kitambulisho, bali achukue pasipoti. Anayesafiri kwa ndege aulize shirika la ndege mapema ni hati gani litakayoikubali, kwa kuwa anayekataliwa kaunta ya uwanja wa ndege hupoteza nauli pamoja na likizo.

Wote wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo anayechanja siku moja kabla ya safari amechelewa. Aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia kila miaka 10 kama zamani, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote.

Gari nalo lina hati zake: kadi halisi ya usajili, leseni hai ya kila atakayeendesha, na bima ya kuvuka mpaka inayojulikana kama Kadi ya Njano ya COMESA. Bima ya kawaida ya ndani ya nchi huishia mpakani; Kadi ya Njano ndiyo inayomlinda mtu wa tatu utakayemdhuru nje ya nchi. Hutolewa na kampuni za bima, na hutambuliwa pia Tanzania ingawa nchi hiyo si mwanachama wa COMESA. Ikiwa gari si lako, beba barua ya mmiliki inayokuruhusu kulivusha. Mpakani idara ya forodha itakupa kibali cha muda cha gari. Soma tarehe yake ya mwisho hapo hapo dirishani, usiisome siku ya kurudi.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, msafiri husimama mara moja. Anayetoka Uganda hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia akiwa upande wa Kenya, na anayerudi hufanya hivyo upande wa Uganda. Hana haja ya wakala wa mitaani anayejitolea kumpeleka dirisha kwa dirisha.

Tumeyaacha ya watoto mwisho kwa sababu ndiyo mazito. Mtoto hana kitambulisho cha taifa, hivyo anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akisafiri na mzazi mmoja, abebewe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Akiwa mtoto wa ndugu, kama ilivyo desturi yetu njema ya kuwachukua wapwa na binamu wakaone bahari, iwepo barua ya wazazi wake, nakala za vitambulisho vyao, na uthibitisho wa mwenyekiti wa kijiji wa LC1.

Tunajua kwamba baadhi ya wazazi huudhika mtoto wao anapoulizwa maswali mpakani. Tunaomba mtuelewe. Uganda ina sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na mipaka yetu hutumiwa na watu wanaowadanganya watoto kwa ahadi za shule na kazi. Afisa anayemwuliza mtoto jina la mama yake hamdharau mzazi aliye pembeni. Anamtafuta yule mtoto mmoja katika foleni ambaye hajui anakopelekwa wala jina la aliyemshika mkono. Familia iliyo na hati zake kamili hupita upesi, na kwa kupita upesi humwachia afisa muda wa kumtazama yule mtoto.

Njia za katikati

Swali la gari au ndege huwafanya wengi wasahau kwamba ziko njia nyingine, na sisi wa mpakani tumebahatika kuwa karibu nazo.

Ya kwanza ni kupitia Kisumu. Kutoka Busia hadi Kisumu ni kilomita 100 na ushee tu, chini ya nusu ya umbali wa kwenda Entebbe, na ni upande ule ule wa mashariki. Familia inaweza kuvuka mpaka kihalali, kupanda gari la abiria mchana hadi Kisumu, na kupaa kutoka huko kwenda Mombasa kupitia Nairobi. Kwa makadirio yetu safari nzima haizidi saa 11, na sehemu ya barabarani hupungua kwa zaidi ya nusu.

Ya pili ni gari moshi. Tangu mwanzoni mwa Juni 2017, treni ya reli ya kisasa hubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa kwa muda wa saa 5 hadi 6. Familia inaweza kuendesha hadi Nairobi siku ya kwanza, kuliacha gari mahali salama, na kumalizia kwa treni siku ya pili. Kwa njia hiyo dereva hupunguziwa kilomita 480, na watoto wanaweza kuwaona ndovu wa Tsavo dirishani. Tiketi za Desemba ziwekwe mapema, kwani hujaa.

Ya tatu ni kubadilisha mahali pa kwenda. Familia iliyo na siku tano tu za likizo, ikitumia nne barabarani, itabaki na siku moja ya bahari. Ziwa Nakuru, ufuo wa Kisumu, maporomoko ya Sipi kule Kapchorwa au chanzo cha Nile kule Jinja ni mahali ambapo watoto watafurahi, na dereva atafika kabla ya jioni.

Uamuzi

Baada ya hesabu zote nne, uamuzi huwa mwepesi.

Nendeni kwa gari ikiwa mna siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, gari limekaguliwa na fundi, kila mtu ana kiti na mkanda wake, na hati zote ziko mkononi wiki mbili kabla. Dereva wa pili mwenye leseni ni baraka, lakini hachukui nafasi ya usiku wa kulala.

Nendeni kwa ndege, au kwa njia ya katikati, ikiwa siku ni chache, ikiwa dereva ni mmoja na ametoka kazini moja kwa moja, ikiwa kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kukaa muda mrefu garini, au ikiwa familia imezidi viti vya gari. Gari la viti vitano ni la watu watano. Mpwa wa sita hapaswi kupakatwa.

Ahirisheni ikiwa jibu pekee linalowezekana ni gari, dereva mmoja na siku moja. Bahari itakuwapo mwakani.

Kwa watakaokwenda kwa gari

Mtoto mchanga akae kiti cha nyuma, katika kiti chake maalumu kilichofungwa kwa mkanda. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Bebeni gurudumu la akiba lenye upepo, jeki, pembetatu mbili za tahadhari na kifaa cha kuzimia moto. Pumzikeni kila baada ya saa mbili. Mwendo ndani ya miji ya Kenya usizidi kilomita 50 kwa saa. Vyakula msivifunge katika mifuko ya plastiki, ile tunayoiita kavera, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017 na sheria humhusu mgeni pia. Mkitozwa faini yoyote, ombeni stakabadhi ya serikali. Anayekataa kuitoa hana haki ya fedha zenu. Dharura ikitokea, namba 999 na 112 hutumika Uganda na Kenya.

Kwa watakaokwenda kwa ndege

Vimiminika vya mkobani visizidi mililita 100 kwa kila chupa, na maziwa ya mtoto yaelezwe mapema kwa wakaguzi. Betri za akiba za simu ziwe katika mkoba wa mkononi, zisiwekwe katika sanduku la kupakiwa. Na tunarudia: safari ya kwenda uwanja wa ndege ni safari ya barabarani kama nyingine yoyote. Ifanyeni mchana.

Zoezi la familia

Ketini pamoja jioni moja, watoto wakubwa wakiwapo, mjibu kwa maandishi:

1. Tuna siku ngapi za likizo, na ngapi kati ya hizo zitatumika njiani?
2. Dereva wetu ataamka saa ngapi siku ya safari, na saa 17 zitatimia tukiwa wapi?
3. Jumla ya gharama za gari ni kiasi gani, malazi ya njiani yakiwemo? Za ndege je, usafiri wa kwenda uwanjani ukiwemo?
4. Kila mtoto ana hati gani, na nani bado hana?
5. Tukirudi, tutafika nyumbani siku ngapi kabla ya kazi na shule?

Swali la pili ndilo tunalowasihi msiliruke. Chukueni ramani, pigeni hesabu, na wekeni kidole mahali ambapo saa ya 17 itamkuta dereva. Ikiwa kidole kimeangukia barabarani, safari haijapangwa bado. Kikiangukia kitandani, mahali popote kati ya Busia na bahari, tunawatakia likizo njema, na tunawakaribisha mpakani mkiwa na hati zenu mkononi.